Mbiu ya Mgambo Ndani ya Simu

 

Leo tutajifunza jinsi mafundi wanavyojenga kurasa za tovuti, yaani zile tunazozifungua katika simu. Wazee wetu walisema: Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Basi methali hiyo ndiyo ufunguo wa somo letu.

Zamani mpiga mbiu alipita mitaani akipiga pembe. Tuseme ametangaza, "Jahazi limeingia." Mchukuzi akisikia, huenda pwani kupakua. Muuza chakula akisikia, huongeza sufuria motoni. Mpiga mbiu hakumwamuru yeyote. Kila asikiaye aijua kazi yake.

Ukurasa wa tovuti waweza kujengwa vivyo hivyo. Ukigusa kitufe, jambo limetokea. Jambo hilo twaliita tukio. Ukurasa hulitangaza, na sehemu zinazosikiliza hufanya kazi zao. Lugha itumikayo sana ni JavaScript, iliyotungwa na Bwana Brendan Eich huko Marekani mwaka 1995. Mwaka 2000 shirika la W3C lilitoa kanuni iliyowezesha wasikilizaji wengi kusikia tukio moja.

Sasa chukueni mfano. Mama mmoja anaagiza samaki wa shilingi 20,000 kwa simu. Anagusa "Lipa". Mtandao ni mzito, haoni kitu. Anagusa tena. Fundi akiwa mzembe, mama hukatwa shilingi 40,000 kwa samaki wale wale. Mtaji wake umekwenda.

Fundi mwangalifu hufanyaje? Kitufe kikiguswa, hutangazwa tukio: "Malipo yameombwa." Wasikilizaji watatu husikia. Wa kwanza hukifunga kitufe. Wa pili huandika "Subiri". Wa tatu hupeleka ombi kwenye kompyuta ya malipo. Jibu likirudi, hutangazwa "Malipo yamepokewa" au "Malipo yameshindikana". Hili la mwisho lisisahauliwe, maana kitufe kisipofunguliwa tena, mama atakwama.

Lakini kufunga kitufe peke yake hakutoshi. Yafaa kila ombi lipewe namba yake. Kompyuta ya malipo ikiona namba ile ile mara mbili, itakata fedha mara moja tu.

Faida nyingine ni hii. Kesho fundi akitaka ukurasa utoe stakabadhi, ataongeza msikilizaji mmoja wa "Malipo yamepokewa". Hatakigusa kitufe, wala hataharibu kazi ya wengine.

Hata hivyo, mbiu zikizidi huwa kelele, na mtu hajui nani amemjibu nani. Kwa hiyo shikeni mambo matatu:

1. Jina la tukio litaje jambo lililotokea, lisiwe amri.
2. Matukio yote yaandikwe katika orodha moja, pamoja na wasikilizaji wake.
3. Msikilizaji aliyemaliza kazi aondolewe, asije akaitikia mbiu isiyomhusu.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Mpiga mbiu na kitufe wanafanana kwa jambo gani?
2. Kwa nini mama alikatwa fedha mara mbili?
3. Katika duka la samaki, "Samaki wamekwisha" ni tukio. Nani wasikie, na kila mmoja afanye nini?

Andikeni majibu katika madaftari yenu, kisha msomeane. Kwaherini, mpaka somo lijalo.