Linki ya Basari: Ikague Kabla Hujalipa

Shule zikikaribia kufunguliwa, vikundi vya WhatsApp vya wazazi kuanzia Rongo hadi Mbita hujaa ujumbe kama huu: basari ya kaunti imefunguliwa, bonyeza hapa, lipa ada kidogo ya usajili. Pesa ikishatoka kwa simu, kuirudisha ni kazi. Lakini kukagua linki ni dakika mbili tu, bure, kwa simu hiyo hiyo uliyo nayo.

1. Soma mwisho wa jina

Majina ya tovuti yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na mwisho wa .go.ke ni wa taasisi za serikali pekee. Ndiyo maana tovuti za kaunti zetu ni migori.go.ke na homabay.go.ke. Sasa tazama hili: homabay-go-ke.com. Yanafanana, sivyo? Hapa kuna vistari badala ya nukta, na mwisho wake ni .com. Jina la .com mtu yeyote anaweza kulinunua, awe Homa Bay au ng'ambo.

2. Angalia limesajiliwa lini

Kila jina la tovuti lina rekodi ya usajili. Usibonyeze linki. Nenda lookup.icann.org, andika jina lenyewe, kisha utafute tarehe iliyo karibu na neno "Created". Kwa majina ya .ke, tumia huduma ya Whois kwenye tovuti ya KeNIC, kenic.or.ke.

Mara nyingi jina la mwenye tovuti huwa limefichwa. Hiyo ni kawaida siku hizi, kwa hivyo wewe shikilia tarehe. Mtu anadai amekopesha Wakenya miaka kumi, na tovuti yake imesajiliwa wiki jana? Hapo simama kwanza. Hata hivyo, tarehe ya zamani peke yake haitoshi, kwa sababu tovuti ya zamani pia inaweza kudukuliwa.

3. Usidanganywe na alama ya kufuli

Kufuli inaonyesha tu kwamba mtu wa kando hawezi kusoma unachotuma kwa tovuti hiyo. Haisemi mwenye tovuti ni mwaminifu. Cheti chake hupatikana bure, hata kwa tapeli.

Na PIN je?

Hata tovuti ikipita yote hayo, usiandike PIN yako kwenye ukurasa wake. PIN ni ya menyu ya laini yako, programu rasmi, au kisanduku cha malipo kinachojitokeza kwenye simu. Hata hapo, soma kwanza jina la anayelipwa na kiasi. Sisi hatutakuomba PIN kwa simu, SMS wala WhatsApp.

Umeshaiandika? Ibadilishe sasa hivi, kisha upigie huduma kwa wateja ukiwa na ujumbe wa muamala. Na kama bado hujaikagua linki, usiitume kwa kikundi.