Mbwa Mdogo Anapojiunga na Mbwa Mkubwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Kaya nyingi za Mbeya na Iringa tayari zinafuga mbwa mkubwa. Mjini ni mlinzi wa usiku; vijijini hulinda pia shamba la mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Baadhi ya familia hutamani kumwongeza mbwa wa pili, mdogo kwa umbo, hasa kwa ajili ya watoto. Nia hiyo ni njema, lakini uamuzi wa haraka huleta hasara za aina tatu: fedha kupotea kwa muuzaji asiye mwaminifu, ugonjwa kuingia nyumbani, au mbwa mdogo kuuawa na mkubwa. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuziepuka.

Mchunguze kwanza mbwa uliye naye

Kabla ya kumtafuta mbwa mpya, jiulize maswali haya. Je, mbwa wako huwafukuza paka, kuku au sungura? Je, hunguruma mtu anapokaribia chakula chake? Je, amewahi kukutana na mbwa mwingine bila ugomvi? Mbwa mkubwa mwenye mazoea ya kukimbiza viumbe wadogo anaweza kumwona mbwa mdogo anayekimbia na kulia kuwa ni windo, hata kama wamezoeana. Ukiona dalili hizo, tunashauri usinunue mpaka umepata ushauri wa daktari wa mifugo.

Ukubwa, umri na jinsia

Pengo la uzito ni jambo la msingi. Mbwa wa kilo 35 hana haja ya kung'ata ili amuumize mwenzake wa kilo 3. Kumkanyaga au kumgonga kwa bega wakati wa mchezo kunatosha kumvunja mfupa. Kwa sababu hiyo, "mdogo" si lazima awe yule mdogo kuliko wote. Mbwa wa kienyeji mwenye umbo dogo, au chotara wa kimo cha kati, mara nyingi humfaa mbwa mkubwa wa ulinzi kuliko Maltese au Chihuahua. Ukichagua jamii hizo ndogo sana, ujue kwamba usimamizi wako hautakoma baada ya mwezi wa kwanza.

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Anayeondolewa mapema hukosa mafunzo ya awali anayoyapata kwa mama na ndugu zake, likiwemo la kuzuia nguvu ya meno. Kuhusu jinsia, dume na jike kwa kawaida hupatana kwa urahisi zaidi kuliko wawili wa jinsia moja. Hata hivyo, jike mdogo akipandwa na dume mkubwa anaweza kupata shida kubwa wakati wa kuzaa. Zungumza mapema na daktari kuhusu kuhasi dume au kumfunga jike kizazi.

Baridi ya nyanda za juu

Mwili mdogo hupoteza joto upesi. Katika miezi ya Juni na Julai, usiku wa Mbeya huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na huko Tukuyu mvua huongeza unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Banda linalomtosha mlinzi mwenye manyoya mazito halimfai mbwa mdogo mwenye manyoya mafupi. Mtengenezee mahali pakavu, palipoinuliwa kutoka sakafuni, pasipopitisha upepo.

Wakati wa kununua

Watoto wengi wa mbwa hutangazwa kwenye mitandao ya kijamii, na wengine husafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Mnunuzi hutakiwa kutuma fedha kwa simu kabla ya kumwona mnyama. Hapo ndipo hatari ilipo. Tunashauri yafuatayo:

1. Mwone mbwa ana kwa ana, pamoja na mama yake. Ukubwa wa mama hukupa makisio ya ukubwa atakaofikia mtoto; ahadi ya mdomo kwamba "hatakua zaidi ya hapa" haitoshi.
2. Angalia macho, pua na sehemu ya haja. Ute, kuhara, tumbo lililovimba au unyonge ni sababu ya kuahirisha.
3. Dai kadi ya chanjo yenye tarehe, aina ya chanjo, sahihi na muhuri wa mtaalamu wa mifugo.
4. Dai risiti au hati ya mauziano inayotaja umri, jinsia na jamii ya mbwa.
5. Usilipe fedha yote kabla ya kumpokea mnyama.
6. Iwapo mbwa anatoka wilaya nyingine, ulizia ofisi ya mifugo ya halmashauri kuhusu kibali cha kumsafirisha.

Chanjo na siku 14 za karantini

Kichaa cha mbwa bado kipo nchini, na dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huishia katika kifo. Chanjo hutolewa mbwa anapofikia umri wa miezi 3 na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Kwa kawaida ni kila mwaka. Kampeni za chanjo mara nyingi huambatana na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa.

Ugonjwa wa parvo nao huua watoto wengi wa mbwa. Dalili zake huweza kuchukua hadi wiki mbili kuonekana, hivyo mtenge mbwa mpya kwa siku 14, akiwa na vyombo vyake. Tumia muda huo kuhakikisha chanjo za mbwa mkubwa hazijapitwa na wakati, na kuwapa wote wawili dawa za minyoo na za kupe.

Kuwakutanisha

Wakutanishe nje ya ua, mahali ambapo mbwa mkubwa hapaoni kuwa milki yake. Kila mbwa ashikwe kwa kamba na mtu mzima. Mkubwa akikaza mwili, akikodoa macho au akisimamisha nywele za mgongoni, waondoe kwa utulivu na kujaribu siku nyingine. Nyumbani, kila mmoja ale mahali pake. Ugomvi mwingi huanzia kwenye sahani au mfupa.

Jambo moja linahitaji mkazo wa pekee. Katika nyumba nyingi mbwa mlinzi hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Huo ndio wakati ambao hakuna anayewatazama, na mkubwa yuko katika hali ya ulinzi. Mbwa mdogo asiachwe uani naye usiku. Alale ndani au kwenye banda lake lililofungwa.

Hesabu gharama kabla

Bei ya kununua ni mwanzo tu. Andika gharama unayotumia kwa mbwa wa kwanza kwa mwaka: chakula, chanjo, dawa na matibabu. Chanjo na huduma ya daktari kwa mbwa wa pili hazitapungua sana kwa sababu ni mdogo; kinachopungua hasa ni chakula. Kama gharama za sasa tayari zinakulemea, subiri.

Mambo yakienda kombo

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiuziwa mbwa kwa maelezo ya uongo, hifadhi risiti, kadi ya chanjo, picha na ujumbe wa simu, umwandikie muuzaji dai lako, kisha uwasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Ukitapeliwa kwa simu, toa taarifa polisi na kwa mtandao wako wa simu, na utume namba ya tapeli kwenda 15040.

Mbwa huishi miaka mingi, na mwenye umbo dogo kwa kawaida huishi zaidi ya mkubwa. Wiki chache za uchunguzi kabla ya kulipa si kuchelewa. Ni kumlinda mbwa uliye naye, yule anayekuja, na watoto watakaocheza nao.