Ukibonyeza "Tuma" Mara Mbili, Pesa Hutoka Mara Ngapi?

Uko kwenye supamaketi, bili ni shilingi 1,850. STK push imefika, umeweka PIN, halafu kimya. SMS haiji. Foleni nyuma yako imeanza kunung'unika. Mhudumu anakuuliza, "Nitume tena?"

Ukijibu "ndiyo" haraka, unaweza kujikuta umelipa shilingi 3,700. Hebu tuone kwa nini.

Kimya kina maana mbili

Mtandao ukisumbua, kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea. La kwanza, ombi lako lilipotea njiani na halikufika kwenye mfumo. Hapo pesa ziko salama. La pili, ombi lilifika, pesa zikatoka, lakini jibu ndilo lililopotea likirudi kwako. Ukiangalia simu, hali zote mbili zinafanana: hakuna SMS.

Kuuliza salio hata mara kumi hakuna neno, kwa sababu kuuliza peke yake hakuhamishi pesa. Kulipa ni tofauti. Kila ombi likikubaliwa, pesa zinatoka.

Mfumo unajuaje kuwa ni ombi lile lile?

Fikiria unamtuma mtoto dukani na kikaratasi: "Namba 47, unga kilo 2, andika kwa daftari." Mwenye duka anampa unga na kuandika namba 47. Mtoto akirudi tena na kikaratasi hicho hicho, mwenye duka anaangalia daftari na kusema, "Hii nilishatoa." Hatoi unga wa pili.

Lakini ukiandika kikaratasi kingine, namba 48, unga kilo 2, atatoa unga mwingine na deni litaongezeka. Hajakosea, kwa maana hawezi kujua kama umesahau au wageni wamekuja.

Mifumo ya malipo iliyotengenezwa vizuri hufanya vivyo hivyo. Kila ombi hupewa namba yake ya pekee. Programu ikikosa jibu, hutuma ombi lile lile kwa namba ile ile. Mfumo ukikuta namba hiyo kwenye rekodi, haukati pesa tena. Unarudisha tu jibu la mara ya kwanza.

Labda utauliza, mbona mfumo usizuie tu kiasi kile kile kwenda kwa mtu yule yule? Kwa sababu wakati mwingine ndivyo unavyotaka. Unamlipa mtu wa boda shilingi 100 ya kwenda, na baadaye kidogo 100 ya kurudi. Hayo ni malipo mawili halali.

Kikaratasi kipya huandikwa lini?

- Ukitoka kwenye menyu na kuanza upya: namba, kiasi, PIN. Hilo ni ombi jipya.
- Mhudumu akikutumia STK push nyingine. Kama PIN uliyoweka mara ya kwanza ilipita, na ya pili nayo ikapita, umelipa mara mbili. Kama ya kwanza ilipotea kabla hujaweka PIN, hakuna pesa iliyotoka.
- Ukirudia Paybill kwa namba ile ile ya akaunti. Namba ya akaunti inaonyesha pesa ni za nani, haionyeshi kuwa umerudia kwa bahati mbaya.

Ukikosa SMS, fanya hivi

1. Usianze upya. Subiri kidogo.
2. Angalia salio. Likiwa limepungua kwa kiasi ulicholipa pamoja na ada kama ipo, malipo yamepita.
3. Salio likiwa halijabadilika, bado usikimbilie PIN. Angalia rekodi ya malipo kwenye programu yako, au kwa watumiaji wa M-PESA, piga *334#.
4. Mwombe mhudumu aangalie upande wake. Huenda pesa zimeshaingia kwenye till.

Umeshalipa mara mbili?

Soma SMS zote mbili na ulinganishe kodi ya muamala, zile herufi na namba za kutambulisha malipo. Kodi zikiwa sawa, ni malipo moja, SMS ndiyo imekuja mara mbili. Kodi zikitofautiana, ni malipo mawili.

Kama ulilipa biashara, waambie papo hapo na uwaonyeshe kodi zote mbili. Usifute SMS hizo. Kama ulimtumia mtu kwa M-PESA, peleka SMS ya malipo ya ziada kwa 456 kuomba yarudishwe. Fanya mapema, kwa sababu pesa zikishatolewa au kutumika, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Na ukiambiwa "nimekutumia mara mbili kimakosa"?

Hapa matapeli wana mchezo wao. Usiamini SMS, angalia salio lako kwanza. Hata kama pesa zimeingia kweli, usizitume mwenyewe kwa haraka. Mtu anaweza kupokea pesa ulizomrudishia, kisha akaomba pia muamala wake ubatilishwe, nawe pesa zikakutoka mara mbili. Mwambie afuate utaratibu wa kurudishiwa pesa, na wewe ukubali ukiulizwa na huduma kwa wateja.

Kwa hivyo siku nyingine mhudumu akiuliza "Nitume tena?", mjibu: "Ngoja kwanza niangalie salio." Foleni itanung'unika kidogo, lakini hizo 1,850 ni zako.