Korona ya kuku, korona ya mfugaji: Kinga haijengwi siku ya ugonjwa

KILAMBO, kando ya mto Ruvuma mkoani Mtwara, ni mlango wa kuvukia kati ya Tanzania na Msumbiji. Kwa kaya nyingi za ukanda huu zinazoishi kwa korosho, mpunga na uvuvi, kuku wa kienyeji ndiye benki iliyo karibu. Huuzwa mtoto anapotakiwa sare ya shule, mgonjwa anapopelekwa hospitali, au msimu wa korosho unapokuwa bado mbali.

Benki hiyo inaweza kufilisika ndani ya wiki moja. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kikiingia katika banda lisilochanjwa kinaweza kuondoka na karibu kuku wote. Kuku aliyebebwa kwenye tenga kutoka mnadani au ng'ambo ya mto anatosha kuuleta ugonjwa huo kijijini.

Wengi walilisikia neno korona kwa mara ya kwanza mwaka 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini kutangazwa Machi 16 mwaka huo. Hata hivyo, kwa wafugaji korona si mgeni. Mwaka 1931 wataalamu nchini Marekani walieleza ugonjwa wa vifaranga wa njia ya hewa, ambao baadaye ulibainika kusababishwa na kirusi cha jamii ya korona. Kuku hukoroma, hupiga chafya na kutoa machozi. Anayetaga hupunguza mayai, na yale machache huwa na ganda laini au lenye mikunjo. Kirusi hicho si kile cha UVIKO-19, na hakijulikani kuwaambukiza watu.

Askari wa zamu na askari wenye picha

Namna mwili unavyopambana na virusi hivi inafanana kwa kuku na kwa binadamu. Kirusi kinapoingia puani au kooni hujipenyeza ndani ya chembe hai na kuigeuza kiwanda cha kuzalisha virusi vingine. Chembe iliyovamiwa hupiga mbiu kwa kutoa kemikali zinazozitahadharisha jirani zake. Hapo hufika askari wa zamu, yaani chembechembe nyeupe za damu zinazomshambulia mgeni yeyote bila kuuliza jina. Homa na maumivu ya mwili ni dalili kwamba vita imeanza.

Kirusi cha UVIKO-19 kina ujanja wa kuichelewesha mbiu hiyo, hivyo huzaliana kabla ulinzi haujaamka. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wazee na wenye kisukari, askari wanaochelewa hufika kwa hasira na kuharibu hata mapafu wanayoyalinda. Ndiyo maana dawa ya deksamethazoni, inayotuliza hasira hiyo, ilionekana katika utafiti wa Uingereza mwaka 2020 kupunguza vifo vya wagonjwa mahututi wanaosaidiwa kupumua.

Kundi la pili ni askari waliopewa picha ya adui. Baadhi yao, wanaoitwa chembe T, huziua chembe zilizokwisha kuvamiwa. Wengine, chembe B, hutengeneza kingamwili zinazokinasa kirusi kabla hakijaingia ndani. Kazi hii huchukua wiki moja hadi mbili. Vita ikiisha, kingamwili hupungua baada ya miezi, lakini baadhi ya askari hubaki na picha ile kwa muda mrefu. Ndiyo sababu mtu anaweza kuambukizwa tena, ila mara nyingi bila kuugua sana.

Herufi B katika jina la chembe hizo ilitokana na kuku. Mwaka 1956 mtafiti Bruce Glick na mwenzake Timothy Chang walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa kifuko kidogo kilicho karibu na tundu la haja la kuku, kiitwacho bursa, ndicho chanzo cha uwezo wake wa kutengeneza kingamwili. Ugonjwa wa Gumboro hukiharibu kifuko hicho. Kifaranga aliyeugua Gumboro anaweza kuchanjwa kideri na chanjo isimsaidie, kwa sababu kiwanda cha kingamwili kimebomolewa.

Hesabu ya mfugaji

Chanjo humwonyesha askari picha ya adui bila kumpeleka vitani. Ile ya Janssen, iliyozinduliwa nchini Julai 28, 2021, ilifanya hivyo kwa kuupa mwili maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja tu cha kirusi. Kwa upande wa kideri ipo chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia. Huzalishwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) kwa jina la TEMEVAC. Hustahimili joto kuliko chanjo nyingine nyingi, jambo muhimu kwa vijiji visivyo na majokofu. Kuku wa umri wowote hupewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne.

Tuseme mama mmoja ana kuku 20, kila mmoja akiwa na thamani ya sh. 15,000. Mtaji wake ni sh. 300,000. Akilipa sh. 100 kwa tone, mara nne kwa mwaka, atatumia sh. 8,000. Kideri kikiua kuku 16 atapoteza sh. 240,000. Gharama ya mwaka mzima haifiki bei ya kuku mmoja.

Kosa kubwa ni kusubiri kuku wa jirani waanze kufa. Chanjo si dawa, na askari wanahitaji hizo wiki mbili. Inafaa kuchanja mwezi mmoja kabla ya majira ambayo kideri huzoeleka kuzuka kijijini, na wanakijiji wachanje siku moja. Pia, I-2 haizuii korona ya kuku, ambayo ina chanjo yake. Korona hiyo ina aina nyingi, na chanjo ya aina moja huenda isikinge dhidi ya nyingine. Kuku mgeni naye atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfugaji wa Kilambo, ufa huo unazibwa kwa tone moja la chanjo.