Wajukuu wa Mangi: Yapi ya Kweli, Yapi Si Kweli

Mwaka 2004 BBC ilianza kuonyesha Who Do You Think You Are?, kipindi kinachomchukua mtu maarufu na kumrudisha nyuma, kizazi baada ya kizazi, hadi kwa mababu asiowajua. Huko Marekani, Profesa Henry Louis Gates wa Harvard alitoa African American Lives mwaka 2006, na tangu 2012 anaendesha Finding Your Roots. Vipande vya vipindi hivyo vinazunguka kwenye simu hadi Kibosho na Marangu, na vimezaa imani ambazo siku hizi huzikosi kwenye vikao vya harusi wala matanga. Nazipima hapa kwa sababu mlima huu wa Kilimanjaro nao una namna yake ya kutunza asili, tena una mababu ambao bado wanatafutwa hadi leo.

"Kipimo cha vinasaba kitakuambia kabila lako."

Si kweli. Mwaka 2005 Oprah Winfrey alitangaza akiwa Johannesburg kwamba yeye ni Mzulu. Mwaka uliofuata, katika kipindi cha Gates, kipimo kikamwelekeza kwa Wakpelle wa Liberia, mbali kabisa na Zululand. Hata jibu hilo lilikuwa na mipaka yake, maana lilifuata mstari mmoja tu: mama, mama wa mama, mama wa bibi, kurudi nyuma. Ukipanda vizazi 10 una nafasi za mababu na mabibi 1,024. Kipimo cha aina ile kinamgusa mmoja kati yao.

Vipimo vya mate vinavyouzwa sasa vinatazama zaidi ya mstari mmoja, lakini kazi yao ni kukulinganisha na watu waliokwisha kupimwa. Kama Wachaga wa Rombo hawamo kwenye hifadhidata, hakuna mashine itakayokuita Mrombo. Itakutajia wale inaowajua wanaokukaribia.

Na huyo "Mchaga halisi" anayetafutwa kwenye kichupa cha mate ni nani hasa? Kathleen Stahl, aliyechapisha historia ya Wachaga mwaka 1964, alikusanya masimulizi ya wazee umangi kwa umangi, yaani utawala wa chifu mmoja baada ya mwingine. Koo nyingi zilimwambia zilikotoka: nyingine Ukamba, nyingine Taita, Upare, Usambara au kwa Wamasai. Walipanda mlima kwa nyakati tofauti, wakagawana maji ya mifereji, wakaoana. Anayesubiri asilimia 100 asubiri sana.

"Kila mtu maarufu ana damu ya kifalme."

Karibu ni kweli, na ndiyo maana haina uzito tunaoupa. Mwigizaji Danny Dyer aliambiwa mwaka 2016 kwamba ni mzao wa Mfalme Edward III, na Uingereza nzima ikashangaa. Wataalamu wa vinasaba hawakushangaa, kwa kuwa kwa hesabu za vizazi karibu kila Mwingereza mwenye mizizi ya huko ni mzao wa mfalme huyo. Tofauti ya Dyer ni kwamba karatasi zake zilipatikana.

Huku kwetu hesabu ni ile ile. Kabla ya ukoloni mlima ulikuwa na mamangi wengi, kuanzia Siha hadi Rombo, na mangi mmoja alikuwa na wake wengi na watoto wengi zaidi. Sheria ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, lakini watoto hawakufutwa. Msanii anayejitangaza mjukuu wa mangi huenda anasema kweli. Huenda pia mpiga vyombo wake ana haki ya kusema hivyo hivyo, ila hajaulizwa.

"Ukijua jina la ukoo umeshajua ndugu zako."

Kweli kidogo. Ndiyo maana swali la kwanza tunapokutana si jina bali mahali: wewe ni Mushi wa wapi, Massawe wa wapi? Jina moja hukutwa kwenye vijiji vingi, na si kila Mushi anaweza kukuonyesha babu anayeunganika na Mushi mwingine.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watafiti wa televisheni hukosa kitu ambacho familia zetu zinacho mkononi. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Kwa hiyo ukikuta orodha ya watoto wa nyumba moja, tazama jina la yule wa pili. Limebeba ukoo wa mama, ule ambao kwenye mti wa familia tunaouchora kwa ajili ya mkutano wa ukoo wa Desemba huachwa nje. Miti hiyo nimeiona mingi: mistari mirefu ya wanaume, na kwa wake zao neno "mke" peke yake, bila jina. Nusu nzima ya watu waliotuzaa imeachwa hivyo, na inaniuma.

Halafu nenda kwa kitindamimba. Kwa desturi mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki kwenye boma la wazazi, hivyo ndiye mwenye makaburi. Yako pale ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa, mapya yakiwa na vigae na ya zamani yakiwa na masale tu yaliyopandwa kichwani. Mwombe akutembeze, kaburi kwa kaburi, naye ataje.

"Mzee akishasema, imetosha."

Si kweli, na kukagua maneno ya mzee si kumkosea adabu. Alex Haley, mwandishi wa Roots, kitabu kilichotoka 1976 na kuwa tamthilia ya televisheni mwaka uliofuata, alisikiliza historia ya babu yake Kunta Kinte kutoka kwa msimulizi wa kijiji cha Juffure, Gambia. Wanahistoria waliofuatilia baadaye waliona kwamba watu wa kule walishajua Mmarekani huyo anatafuta nini kabla hajafika. Alipewa alichokuja kukitafuta.

Dawa ni kuyalinganisha maneno na maandishi. Wamisionari Wakatoliki walifungua Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Madaftari ya ubatizo ya parokia na sharika hizo za kale hutaja mtoto, wazazi na msimamizi. Mama naye ana jina humo. Kama kaka zako wanabishana nani alizaliwa kwanza, huko ndiko kwa kwenda.

"Kipindi huonyesha kila kilichopatikana."

Si kweli. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba mwigizaji Ben Affleck aliomba babu yake aliyemiliki watumwa asitajwe kwenye Finding Your Roots, na hakutajwa. Mtangazaji Michael Parkinson naye alisimulia kwamba BBC iliachana na ukoo wake kwa kuwa haukuwa na jambo la kusisimua. Wa aibu na wa kawaida wote hukatwa. Mlimani nako kuna ya kukatwa: masimulizi ya Old Moshi yanamlaumu Mangi Marealle wa Marangu kwa kuwachongea wenzake kwa Wajerumani, na wazao wa pande zote mbili bado wanaoana na kuzikana. Kipindi kitakachotengenezwa hapa kitajulikana uaminifu wake kwa namna kitakavyolishika jambo hilo.

"Fuvu la Mangi Meli limepatikana."

Hili nimeambiwa na watu makini kabisa, na si kweli. Mangi Meli wa Old Moshi, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa pamoja na viongozi wengine, jumla yao 19. Masimulizi yanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alitumia zaidi ya nusu karne akikiulizia. Aliyemsimulia kisa cha kunyongwa huko ni bibi yake, aliyelazimishwa kutazama.

Huko Berlin watafiti walichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mzee Isaria alitoa sampuli yake ya vinasaba mwaka 2018. Septemba 2023 ikatangazwa kwamba mafuvu matatu kutoka Kilimanjaro yameonyesha undugu na watu walio hai. Mojawapo lilikuwa limeandikwa "Akida", nalo lilihusishwa na mshauri wa karibu wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Ulinganifu kamili ulipatikana kwa mstari wa kiume, baba kwa mwana. Lakini maabara isingejua imtafute nani bila masimulizi ya familia, na katika nyumba ya Meli masimulizi hayo yalitunzwa na mwanamke.

Filamu ya The Empty Grave ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Cece Mlay wa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, imeshaonyesha jinsi kazi hii inavyoweza kufanywa bila nyota yeyote. Inaifuata familia ya Mbano wa Songea na ya Kaaya wa Meru, zikiwatafuta wazee wao. Ningependa itakayofuata ianzie Siha, kwa wazao wa Mangi Ngalami, kisha iende Kibosho kwa wa Molelia. Mamangi hao wawili walinyongwa siku moja na Meli. Na kila kamera inapofika kwenye boma, bibi wa pale aulizwe kwanza.