Chipukizi na majeruhi: mtihani wa klabu za Oman msimu unapomalizika

Ligi ya soka ya Oman inapofikia tamati, viwanja vya Sur na Nizwa huwa kimya, lakini kwa makocha kazi nyingine ndiyo kwanza huanza. Katika miezi ya joto kali kila klabu hulazimika kujibu maswali mawili: ni kijana gani yuko tayari kupandishwa kikosi cha kwanza, na ni majeruhi gani atakuwa amepona ligi itakapoanza tena?

Maswali hayo yana uhusiano wa karibu. Mchezaji mzoefu anapoumia, chipukizi hupata nafasi. Lakini chipukizi anayeharakishwa ili kuziba pengo huweza naye kuishia katika orodha ya majeruhi.

Suala hili linafuatiliwa pia na wasikilizaji wengi wa Kiswahili. Miji ya Ibra, Sur na Nizwa ina familia nyingi zenye uhusiano wa kale na Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, na Kiswahili bado kinazungumzwa katika nyumba kadhaa za huko.

Klabu zenye historia

Sur, makao makuu ya mkoa wa Sharqiyah Kusini, ina klabu mbili zilizowahi kutwaa ubingwa wa nchi: Al-Orouba na Sur. Al-Orouba ilikuwa bingwa tena katika msimu wa 2014/15. Ndiko alikoanzia kiungo Ahmed Mubarak, maarufu kwa jina la Kano, aliyeichezea timu ya taifa zaidi ya mechi 150.

Msimu uliofuata ubingwa ulikwenda kwa Fanja, klabu ya mkoa wa Dakhiliyah, ambao makao yake makuu ni Nizwa. Fanja ndiyo iliyotwaa kombe la klabu bingwa za Ghuba mwaka 1989.

Klabu hizi huchota wachezaji wengi kutoka timu za mitaa na vijiji, zinazoitwa kwa Kiarabu "al-firaq al-ahliya". Timu hizo hucheza mashindano yao chini ya mwavuli wa klabu. Huko ndiko vipaji vinakoonekana kwanza, na huko pia matatizo huweza kuanza. Kijana hodari hutakiwa na timu ya kijiji, timu ya shule na kikosi cha vijana cha klabu kwa wakati mmoja. Kila kocha huhesabu mechi zake peke yake, lakini magoti ya kijana huzihesabu zote.

Joto la kiangazi

Tatizo la pili ni hali ya hewa. Kati ya mwezi Juni na Agosti, sheria za Oman hukataza kazi za nje katika maeneo ya wazi kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri. Nizwa na Ibra, zilizo bara, huwa na joto kavu linaloweza kupita nyuzi 45. Sur, iliyo pwani, huongeza unyevunyevu unaozuia jasho kukauka na mwili kupoa.

Wataalamu wa tiba ya michezo wanaeleza kuwa mwili huhitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea kufanya mazoezi katika joto. Mchezaji aliyepumzika kwa wiki kadhaa, kisha akaanza siku ya kwanza kwa mbio ndefu, huchoka mapema, na misuli iliyochoka huchanika kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mazoezi ya kiangazi hufanyika usiku, na muda wake huongezwa hatua kwa hatua.

Jeraha la misuli linalowasumbua zaidi wanasoka ni lile la nyuma ya paja. Dalili kubwa kwamba mchezaji ataumia ni kuwa aliwahi kuumia hapo awali. Kwa aliyekatika ligamenti ya mbele ya goti na kufanyiwa upasuaji, kurejea uwanjani kabla ya miezi tisa huongeza sana hatari ya kuumia tena, hata kama mwenyewe anajihisi amepona.

Funzo la Al-Habsi

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mlinda mlango Ali Al-Habsi, aliyezaliwa Al-Mudhaibi, katika Sharqiyah Kaskazini, mwaka 1981. Aliichezea klabu ya mji wake huku akifanya kazi ya zimamoto, kisha akajiunga na Al-Nasr ya Salalah na baadaye Lyn ya Norway mwaka 2003.

Alipohamia Bolton ya England mwaka 2006, alisubiri hadi Septemba 2007 kucheza mechi yake ya kwanza. Subira hiyo haikumharibu. Mwaka 2009 Oman ilitwaa Kombe la Ghuba mjini Muscat bila Al-Habsi kufungwa hata bao moja katika michuano yote.

Baadaye jeraha lilimgeukia. Wigan ilipotwaa Kombe la FA mwezi Mei 2013, langoni alikuwepo Joel Robles, kijana wa miaka 22. Katika mapumziko ya msimu huo Al-Habsi alikuwa akiuguza bega lililofanyiwa upasuaji, na klabu ikamsajili kipa mwingine, Scott Carson.

Jeraha lilimkosesha pia Kombe la Mataifa ya Asia la mwaka 2019. Hata hivyo Oman haikuyumba langoni, kwani Faiz Al-Rushaidi alikuwa ameshajaribiwa. Mwezi Januari 2018, katika fainali ya Kombe la Ghuba nchini Kuwait, aliokoa penalti mbili za Omar Abdulrahman wa Falme za Kiarabu, moja kabla ya filimbi ya mwisho na nyingine katika mikwaju ya kuamua mshindi. Mwaka 2019 Oman ilifika hatua ya mtoano ya Kombe la Asia kwa mara ya kwanza, kabla ya kutolewa na Iran kwa mabao 2-0.

Kinga isiyo na gharama kubwa

Kwa klabu ndogo, habari njema ni kwamba kinga haihitaji fedha nyingi. Mazoezi ya kupasha mwili yajulikanayo kama FIFA 11+ huchukua dakika 20 hivi na huhitaji mpira na uwanja tu. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana wanasoka, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionesha majeraha yakipungua kwa takriban theluthi moja.

Kinachohitajika zaidi ni makubaliano: klabu, shule na timu ya kijiji kuweka hesabu moja ya mechi za kijana, na daktari, badala ya kocha mwenye haraka, kuamua siku ya majeruhi kurejea. Klabu inayomwandaa mrithi mapema haitalazimika kumwita uwanjani mchezaji ambaye bado anachechemea.