Chakula ni Sehemu ya Tiba ya Mionzi

Ndugu zetu wa jeshi na polisi wanajua vyema kwamba kikosi kisicho na akiba ya chakula hakidumu vitani, hata kiwe na silaha kali namna gani. Leo twapenda kueleza jinsi jambo hilo limhusuvyo mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mionzi.

Hapa Uganda tiba hiyo hutolewa Mulago, Kampala, ambako Taasisi ya Saratani ilianzishwa mwaka 1967. Mashine ya kobalti iliharibika mwaka 2016, na nyingine ikazinduliwa Januari 2018. Lakini mashine peke yake haitoshi.

Mgonjwa wa saratani ya kinywa au koo kwa kawaida hupigwa mionzi siku tano kwa juma, kwa majuma sita au saba. Mionzi yenyewe haiumi ipigwapo. Lakini yapata juma la pili au la tatu vidonda hutokea kinywani, mate hukauka, ladha hupotea, na kumeza hata maji huwa mateso. Hapo ndipo wengi huacha kula, na utapiamlo huingia.

Madhara yake ni makubwa. Mgonjwa huyo huvishwa kinyago kilichofinyangwa kwa umbo la uso wake, ili mionzi ipige shabaha ileile kila siku. Akikonda sana, kinyago hulegea na vipimo huenda vikabidi kurudiwa. Tena, aliyedhoofika huweza kulazimika kukatiza tiba, na siku hizo huzipa chembe za saratani nafasi ya kuongezeka upya.

Kwa hiyo yafaa mgonjwa apimwe uzito kila juma. Wataalamu hushauri kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 ahitaji kalori 1,500 hadi 1,800, pamoja na protini gramu 60 hadi 90. Ale chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi: uji wa maziwa, mayai, mchuzi wa karanga, maharagwe yaliyopondwa, samaki na parachichi. Aepuke pilipili, ndimu, pombe na sigara. Asiyeweza kumeza aweza kulishwa kwa mpira mwembamba upitishwao puani hadi tumboni. Mpira huo si dalili ya kukata tamaa, bali ni msaada wa kumvusha.

Wako wasemao kwamba chakula huinenepesha saratani, hivyo mgonjwa ashindishwe na njaa. Hakuna ushahidi wa maneno hayo. Anayedhoofika ni mgonjwa mwenyewe.

Askari amezoea kuvumilia maumivu kimya, lakini katika jambo hili ukimya si ushujaa. Mficha maradhi kilio humfichua. Siku ile ile kumeza kunapokuwa kugumu, daktari na aambiwe, naye atatoa dawa ya maumivu kabla nguvu hazijakwisha.